Weka ml 10 au fikisha ml 10? Kuhesabu maji ya kuyeyushia dawa za unga

Chukua flakoni (kichupa cha dawa) ya peni G, yaani benzylpenicillin, ya 1 000 000 UI (vipimo vya nguvu ya dawa). Weka ndani yake ml 2 kamili za maji ya sindano, tikisa mpaka unga uishe, kisha vuta yote. Seringi haitasoma 2; itasoma karibu 2,4. Zile 0,4 zilizoongezeka ni unga wenyewe. Umeyeyuka, macho hayauoni tena, lakini nafasi yake bado imeishika.

Makosa mengi ya dawa za unga yanaanzia hapo. Muuguzi anaweka ml 2, anajiambia “milioni moja katika ml 2”, anagawanya, anavuta, anachoma. Mtoto amepata pungufu na hakuna atakayejua, kwa sababu seringi ilisomwa vizuri, kugawanya kulikuwa sahihi, na fishi imesainiwa.

Kwa mtu mzima anayepewa flakoni nzima jambo hili halina uzito: ukiweka ml 2 au ml 3, ukivuta yote umempa yote. Tatizo ni pale unapovuta sehemu tu ya flakoni, yaani karibu kila siku kwenye pediatri na kwa watoto wachanga. Mwongozo huu ni kwa ajili ya huko zaidi. Namba za desimali tumeziandika kwa mkato, kama zinavyoandikwa kwenye fishi zetu Goma, Bukavu na Lubumbashi: 9,6 ni tisa na sehemu sita za kumi.

Nafasi ya unga

Tuiite hivyo: nafasi ya unga ni kiasi cha ml ambacho dawa kavu inaongeza juu ya maji uliyoweka. Kwa dawa nyingine ni ndogo hata haionekani kwenye seringi; kwa nyingine inafika karibu nusu ml au zaidi. Miongozo ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya kutibu watoto hospitalini imekwisha kuifanyia hesabu, na ndiyo sababu namba zake zinaonekana za ajabu kwa mtu asiyejua zilikotoka:

Peni G 1 000 000 UI (mg 600): maji ml 1,6, jumla ml 2. Au maji ml 9,6, jumla ml 10.
Ampicillin mg 500: maji ml 2,1, jumla ml 2,5.
Chloramphenicol g 1: maji ml 9,2, jumla ml 10.

Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, umepata nafasi ya unga: 0,4 kwa peni G, 0,4 kwa ampicillin, 0,8 kwa chloramphenicol. Angalia pia kwamba peni G inatoa 0,4 ileile ukiweka maji machache au mengi. Unga hauongezeki kwa sababu umeongeza maji.

Hata hivyo usizikariri namba hizi ukazitumia kwa kila boksi linaloingia dipo. Nafasi ya unga hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kutegemea aina ya chumvi ya dawa na vitu vingine vilivyochanganywa nayo. Ceftriaxone ya g 1 inaonyesha vizuri. Kuna notisi (karatasi za maelezo ya dawa) za Ulaya zinazosema g 1 inachukua ml 0,71: ukiweka maji ml 10 unapata ml 10,71, na kila ml ina mg 93,4. Notisi za Marekani zinaagiza ml 9,6 ili upate mg 100 kwa ml, maana yake unga umehesabiwa ml 0,4. Dawa ni ileile na uzito uleule, ila namba ni mbili. Inayokuhusu ni ya notisi iliyo ndani ya boksi ulilolifungua.

Kuweka na kufikisha

Hapa ndipo notisi inaposomwa vibaya. Kuna maagizo ya aina mbili. La kwanza linakwambia kiasi cha maji cha kuweka: “ajouter 9,6 ml” kwa Kifaransa, “add” kwa Kiingereza. La pili linakwambia ufike wapi: “qsp 10 ml”, au “make up to” kwenye karatasi za Kiingereza. Qsp tumeizoea kwenye ordonansi za serumu, lakini mtu akiiona kwenye flakoni ndogo huisoma kana kwamba imeandikwa weka. Qsp 10 maana yake ni fikisha 10, maji na unga vikiwa pamoja.

Kama notisi inatoa namba mbili, maji na jumla, una kila kitu. Kama inatoa maji na nguvu ya dawa tu (mfano: “weka ml 2,1 upate mg 200 kwa ml”), jumla unaipata mwenyewe: mg 500 ÷ 200 = ml 2,5. Kama inatoa maji peke yake bila kusema yanatoa nini, usidhani kwamba jumla ni sawa na maji. Hapo tumia njia ya seringi iliyoelezwa chini.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya ng'ambo havina haja ya kuutaja, ila sisi tunao. Dawa zinazofika Goma kupitia Kampala au Nairobi, na zile zinazoingia Lubumbashi kwa Kasumbalesa, mara nyingi zina etiketi ya Kiingereza. Kwa Kiingereza mkato unatenga maelfu na nukta inatenga desimali. Kwetu ni kinyume. “1,000 mg” kwenye etiketi hiyo ni mg elfu moja, si mg moja. “1.2 MIU” ni milioni moja na laki mbili. Ukinakili kwenye fishi, geuza kabisa: andika 1 000 mg na nafasi katikati, au g 1. Na UI za Kifaransa ndizo IU za Kiingereza, hakuna cha kubadilisha hapo.

Hesabu zenyewe ni tatu

Nguvu ya dawa = kilichomo kwenye flakoni ÷ jumla ya ml (si maji uliyoweka).
Ml za kuvuta = dozi ya mgonjwa ÷ nguvu ya dawa.
Maji ya kuweka = (kilichomo ÷ nguvu unayoitaka) − nafasi ya unga.

Ya tatu inahitajika tu pale unapotaka namba nyepesi. Tuseme ceftriaxone yako ni ile ya ml 0,71 na unataka mg 100 kwa ml ili usisumbuke na 93,4 usiku wa gadi. 1 000 ÷ 100 = 10; 10 − 0,71 = 9,29. Weka ml 9,3. Umepata jumla ya ml 10.

Sasa mtoto wa kilo 7 mwenye nimonia kali, peni G 50 000 UI kwa kilo: 350 000 UI kila mara. Uliweka ml 1,6, jumla ml 2, kwa hiyo 500 000 UI kwa ml. 350 000 ÷ 500 000 = ml 0,7. Ungeweka ml 9,6 kwa ajili ya mshipa, nguvu ni 100 000 UI kwa ml na unavuta ml 3,5.

Fanya kosa kwa makusudi uone linagharimu nini. Umeweka ml 2 badala ya 1,6, ukavuta ileile 0,7. Ndani ya flakoni mna ml 2,4, kila ml ina 416 667 UI, na mtoto amepata 291 667 UI. Amekosa asilimia 17. Sasa kosa lilelile kwenye maji mengi: umeweka ml 10 badala ya 9,6, ukavuta 3,5. Amepata karibu 336 500 UI; amekosa asilimia 4 tu. Ndiyo kusema: kadiri dawa inavyokuwa nzito, ndivyo kusahau unga kunavyoumiza. Sindano za msuli, zinazotengenezwa kwa maji machache ili paja la mtoto livumilie, ndizo hatari zaidi. Kwenye mshipa na serumu nyingi kosa linamezwa na maji.

Ceftriaxone ya msuli inaonyesha jambo hilohilo. G 1 na lidocaine 1 % ml 3,5, nafasi ya unga 0,71, jumla ml 4,21, nguvu mg 237,5 kwa ml. Mtoto wa kilo 6 kwa mg 80 kwa kilo anahitaji mg 480: ml 2. Anayedhani g 1 iko ndani ya ml 3,5 atavuta ml 1,7 na kumpa karibu mg 400.

Mtoto mchanga wa kilo 3, ampicillin mg 50 kwa kilo: mg 150. Mg 500 katika ml 2,5 ni mg 200 kwa ml, vuta 0,75. Namba hii haisomeki kwenye seringi ya ml 5, wala ya ml 10. Tumia ya ml 1. Kama dipo limebaki na za ml 5 pekee, usikadirie kwa jicho kati ya mistari miwili. Afadhali uongeze maji hadi dozi iwe ml zinazosomeka, mradi tu unatoa kwenye mshipa.

Utaratibu mezani

Pima kilo leo. Kilo za wiki iliyopita kwenye fishi ya mtoto mwenye utapiamlo au mwenye kuhara si kilo zake za leo.

Andika hesabu kabla ya kugusa flakoni: kilichomo, maji, jumla, nguvu, dozi, ml. Mstari mmoja unatosha. Akiwepo mwenzako, ahesabu peke yake bila kuona jibu lako. Akikutazama ukihesabu atakubaliana nawe tu.

Maji yapime kwa seringi. Usivunje ampuli ya ml 10 na kumimina yote kwa kuamini maandishi, kwa maana watengenezaji hujaza zaidi kidogo ili mtu aweze kuvuta ml 10 kamili.

Ukisukuma ml 9,6 ndani ya flakoni iliyofungwa, hewa iliyomo inabanwa. Unapochomoa sindano, dawa inaruka na matone yanabaki kwenye mpira au mkononi mwako. Vuta hewa kiasi kilekile cha maji uliyoingiza kabla ya kutoa sindano. Hewa hiyo itupe ndani ya kifuniko cha sindano, si usoni mwa jirani.

Na kama flakoni ni ndogo, haipokei ml 9,6? Yeyusha kwa hatua mbili. Weka ml 1,6 upate ml 2, vuta yote kwenye seringi ya ml 10, kisha ongeza maji hadi mstari wa 10. Angalia vizuri: katika hatua ya pili unaongeza ml 8 kamili. Nafasi ya unga imeshahesabiwa kwenye hatua ya kwanza. Kuiondoa mara mbili ni kosa la watu makini, wale wanaokumbuka kanuni kupita kiasi.

Tikisa au zungusha kadiri notisi inavyosema, subiri povu litulie, kisha inua flakoni kwenye mwanga. Punje zinazoelea au ukungu usioisha kwenye dawa inayotakiwa kuwa angavu: tupa. Povu likivutwa na seringi linasomeka kama dawa wakati ni hewa.

Notisi imepotea

Hutokea, hasa flakoni zinapogawiwa moja moja kutoka boksi la mia. Kwa dawa inayoyeyuka na kuwa angavu, inayoruhusiwa kwenye mshipa, na unayojua kimiminika chake, huna haja ya kujua nafasi ya unga. Fanya qsp ndani ya seringi. Weka ml 5 za maji kwenye flakoni, tikisa, vuta yote kwenye seringi ya ml 10. Rudisha ml 2 au 3 za maji safi ndani ya flakoni kuisuuza, vuta hizo pia. Kisha vuta maji hadi mstari wa 10. Ingiza kiputo cha hewa, geuza seringi juu chini mara kadhaa ichanganyike, toa kiputo. Kama flakoni ilikuwa ya g 1, sasa g 1 iko ndani ya ml 10, kila ml ni mg 100, na unga umejihesabu wenyewe. Seringi hiyo ni ya mgonjwa mmoja.

Njia hii haifai kwa benzathine penicillin. Hiyo haiyeyuki, inakuwa kama maziwa mazito, na haiingii mshipani kamwe, kwani inaweza kuua. Ukihitaji nusu ya flakoni ya 1 200 000 UI kwa mtoto, changanya kama notisi inavyosema, tikisa sana, vuta yote mara moja na sindano nene, soma jumla, rudisha nusu. Kama uliweka ml 4 na seringi inasoma 5, nusu ni 2,5. Anayechukua 2 kwa sababu aliweka 4 ametoa 480 000 UI badala ya 600 000.

Artesunate

Hii inastahili sehemu yake kwa sababu malaria kali haituachi, na kwa sababu ina hatua mbili na njia mbili.

Flakoni ya mg 60 inakuja na ampuli ya bikaboneti ya sodiamu 5 % ya ml 1. Weka bikaboneti yote, tikisa mpaka iwe angavu kabisa. Mwanzoni huwa na ukungu, ngoja uishe. Maji ya sindano hayafai hapa, artesunate haiyeyuki ndani yake inavyotakiwa. Ingiza sindano tupu kutoa hewa. Kisha ongeza serumu ya chumvi 0,9 % au ya sukari 5 %: ml 5 kwa mshipa, ml 2 kwa msuli. Jumla inakuwa ml 6 zenye mg 10 kwa ml, au ml 3 zenye mg 20 kwa ml. Nafasi ya unga hapa ni ndogo na mtengenezaji ameipuuza, usiitafute.

Dozi ni mg 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na mg 2,4 kwa kilo kuanzia kilo 20. Mtoto wa kilo 12: mg 36, ÷ 10 = ml 3,6. Maelekezo ya dawa hii ni kupandisha hadi namba nzima inayofuata: ml 4. Mtu mzima wa kilo 60: mg 144, ml 14,4, unatoa 15, kwa hiyo flakoni tatu. Wengi wanashangaa kwamba mtoto mdogo anapata zaidi kwa kilo. Si kosa la chapa. Mwili wa mtoto mdogo unabaki na dawa pungufu kwa dozi ileile.

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya njia. Flakoni imetengenezwa kwa msuli, mg 20 kwa ml, halafu mwenzako wa zamu inayofuata anavuta ml zilizohesabiwa kwa mshipa. Dozi imekuwa mara mbili. Kinyume chake mtoto anapata nusu, na hiyo kwa malaria kali ni mbaya zaidi. Dawa iliyochanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa moja, kwa hiyo isiwepo flakoni ya kumwachia mwenzako hata kidogo. Siku hizi kuna pia artesunate yenye kimiminika kimoja tu badala ya viwili: ukiona boksi lina ampuli ya aina moja, acha kanuni ya 1 na 5 na ufuate karatasi yake.

Kimiminika kisicho chake

Hesabu nzuri haiokoi kimiminika kibaya. Ceftriaxone na Ringer lakteti havikutani, kwa sababu kalisi iliyomo inatengeneza chembe ngumu. Kwa mtoto mchanga chembe hizo zimewahi kuua. Ceftriaxone iliyoyeyushwa na lidocaine ni ya msuli pekee. Amphotericin B ya kawaida inaganda kwenye serumu ya chumvi: yeyusha kwa maji ya sindano, kisha endelea na sukari 5 %. Na maji ya sindano, licha ya jina lake zuri, si serumu. Mengi mshipani yanapasua chembe nyekundu za damu.

Chanjo zina sheria kali zaidi. Surua ya dozi 10 inachukua ml 5 za kimiminika chake, kila mtoto ml 0,5. BCG (chanjo ya kifua kikuu) ya dozi 20 inachukua ml 1, mtoto wa chini ya mwaka anapewa 0,05. Kimiminika cha chanjo moja hakiendi kwenye nyingine, wala maji ya sindano hayakibadilishi. Kipoze kabla ya kuchanganya, na baada ya saa 6 au kikao kikiisha tupa kilichobaki. Mwaka 2014 huko Idlib, Syria, atracurium, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, ilichukuliwa badala ya kimiminika cha surua. Watoto 15 walikufa. Ampuli zilifanana na zilikaa kwenye frigo moja.

Dawa iliyotoka kwetu

Kivu Kaskazini ina mfano wake. Kingamwili mAb114, inayouzwa kwa jina la Ebanga, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mlipuko ulioanza 2018 upande wa Beni na kufika Goma Julai 2019. Ni unga, mg 400 kwa flakoni. Unaweka ml 7,7 za maji ya sindano, jumla ml 8, mg 50 kwa ml. Dozi ni mg 50 kwa kilo, kwa hiyo hesabu inajirahisisha yenyewe: ml 1 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 52 anahitaji ml 52, yaani flakoni 7, ya mwisho ikibaki na nusu. Mtu akiweka ml 8 kwa sababu “ni karibu tu”, kila flakoni inakuwa ml 8,3. Protini hii haitikiswi: zungusha flakoni polepole na uiache itulie. Povu jingi ni dalili ya mkono wenye haraka.

Sirop za unga na maziwa ya UNTI

Amoxicillin ya mg 125 kwa ml 5, chupa ya ml 100, haipokei ml 100 za maji. Inapokea kiasi kinachofikisha alama kwenye chupa au etiketi. Tuseme unga wake unachukua ml 20: ukimimina 100 unapata ml 120, na kijiko cha ml 5 kina mg 104 badala ya 125. Gongagonga chupa unga uachane, weka maji kama nusu ya alama, tikisa, acha povu lishuke, ndipo ufikishe kwenye alama. Ukiongeza maji povu likiwa bado juu utasimama mapema, na sirop itakuwa nzito.

Kwa mama anayekwenda kuichanganyia nyumbani, mwonyeshe mstari kwa kidole na umwekee alama kwa kalamu. Maelezo yawe mafupi: “Mama, maji ya kuchemsha yaliyopoa kabisa, mpaka hapa. Tikisa kila mara kabla ya kumpa. Siku ya saba ikipita, mwaga.” Maji ya bidoni kutoka ziwani hayaingii kwenye chupa bila kuchemshwa, hata yakionekana safi. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo. Mpe kikombe cha dawa au seringi isiyo na sindano. Unga wa ORS (wa kurudishia maji mwilini mtoto anayehara) unahitaji lita moja, na chupa kubwa ya bia haifiki lita moja.

Maziwa ya F-75, ya watoto wenye utapiamlo mkali wanaolazwa UNTI (wodi ya lishe), yanageuza kosa. Pakiti ya zamani ya g 102,5 iliwekwa kwenye maji ml 500 na ilitoa ml 600 za maziwa. Huku neno ni weka, wala si fikisha. Aliyemwaga unga huo kwanza kisha kujaza hadi mstari wa 500 alitengeneza maziwa mazito, na mtoto alianza kuhara wakati alikuwa ameanza kutulia. Kwa pakiti hizo, maziwa ya wodi yaligawanywa kwa 600: lita 3 zilikuwa pakiti 5 na maji lita 2,5.

Baada ya kuchanganya

Bandika plasta kwenye flakoni: tarehe, saa, kimiminika, nguvu (mg kwa ml), njia, herufi za jina lako. Andika nguvu, usiandike “ml 10”, kwa sababu anayekufuata hatajua kama 10 ni maji au jumla. Andika 0,5, kamwe usiandike ,5 peke yake. Andika 5, usiandike 5,0.

Ampicillin iliyochanganywa, saa moja. Artesunate, saa moja. Ceftriaxone ya notisi nyingi hukaa saa 6 kwenye joto lisilozidi 25 °C, au saa 24 kwenye frigo. Ile 25 °C iangalie: Goma, kwenye mwinuko wa mita 1 500 hivi, chumba chenye kivuli kinaweza kuishika, Lubumbashi mwezi wa Oktoba mchana unapita 30 °C, na saa 6 za notisi hazikuhusu tena. Frigo nayo inahesabika kama frigo ikiwa umeme upo. Ukikatika usiku na hujui ni tangu saa ngapi, flakoni iliyofunguliwa inakwenda kwenye taka.

Jambo dogo la mwisho kwa wanaochanganyia watoto wachanga: kwenye shingo ya seringi na ndani ya sindano hubaki dawa kidogo isiyohesabiwa na mistari. Ukivuta ml 0,1 ya dawa nzito kisha ukavuta maji juu yake kwa seringi ileile hadi ml 1, dawa iliyokuwa shingoni nayo inaingia, na mtoto anapata zaidi ya ulichosoma. Punguzia dawa kwenye flakoni au seringi nyingine kubwa kwanza, ndipo uvute dozi kwa seringi mpya ya ml 1.